Mwambie Daktari Yote

*Nikiingia kwa daktari nasahau nusu ya niliyotaka kusema. Natoka na dawa za maumivu tu. (Mama, Kondele, Kisumu)*

Mama, ukiwa kwenye foleni andika mambo mawili matatu kwenye simu, na lile linalokukosesha usingizi liwe la kwanza. Usianze na mafua kama shida yenyewe ni damu kwenye choo. Wengi huliacha la aibu hadi wameshika kitasa cha mlango, na daktari keshaita mgonjwa mwingine. Sema lilianza lini, huzidi wakati gani, na umeshatumia dawa gani.

*Niliacha enalapril, dawa ya presha, kwa sababu ya kikohozi kikavu. Kliniki ni wiki ijayo. Nikisema ukweli nitafokewa. (Mzee, Bondeni, Nakuru)*

Sema, mzee wangu. Enalapril inajulikana kuwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, na zipo nyingine, kama losartan, ambazo kwa kawaida hazisumbui hivyo. Ukinyamaza, daktari atakuta mashine inasoma 170 kwa 100, ataona dawa imeshindwa, na atakuongezea nyingine juu ya ile usiyoimeza. Hapo ndipo hatari ilipo. Mwambie hivi: "Daktari, niliacha dawa mwezi jana kwa sababu ya kikohozi." Beba paketi zote, hata zilizobaki nusu. Kufokewa kunauma, na hakuna mhudumu anayepaswa kumfokea mgonjwa, lakini kiharusi hakingoji mtu apate ujasiri. Wala usisubiri wiki ijayo. Nenda kituo cha afya kilicho karibu upimwe leo.

*Mama yangu anajua Kiluhya tu, nami mwanawe wa kiume ndiye mkalimani. Naona kuna mambo anayaficha. (Kakamega)*

Huenda umeona vyema. Si rahisi mama ataje ugonjwa wa sehemu za siri mbele ya mwanawe. Omba muuguzi wa kike anayejua lugha yake, kisha wewe utoke nje. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake kwa lugha anayoielewa, inapowezekana, kwa hivyo huombi upendeleo.

*Nakunywa mwarobaini pamoja na dawa za sukari. Lazima daktari ajue? (Busia)*

Ndiyo. Mwarobaini nao unaweza kushusha sukari, na ikishuka kupita kiasi utatetemeka, utatokwa na jasho, hata kuzirai. Mwambie unauchemsha vipi na unakunywa vikombe vingapi kwa siku.