Wakitukana mashoga kwenye gemu, usinyamaze

Ukicheza gemu za mtandaoni utayasikia tu: mtu akikosa shabaha anaitwa shoga, timu ikifungwa wote ni mashoga. Wengi husema hayo ni maneno ya mchezoni, yaache yapite. Mimi naongoza kikosi, na ninavyoona, anayeumia zaidi mara nyingi si yule aliyetukanwa. Ni mwingine aliye hivyo kweli, anayesikiliza bila kusema neno, kisha siku nyingine haingii tena.

Ndiyo maana nasema mapema, na kwa ufupi. "Kaka, hayo hapa hatusemi. Wako kushoto, twende." Basi, mchezo unaendelea. Ukianza kumhubiria, umempa jukwaa. Ukimrudishia tusi, mtaripotiwa wote wawili. Wengi huacha hapo hapo. Na mara nyingi sauti nyingine hudakia, "Kweli bwana, acha hizo." Kumbe naye lilikuwa likimkera, ila alisubiri mtu aanze.

Akiendelea, mzime sauti na umripoti. Usiseme ripoti hazisaidii. Xbox, mashine ya gemu ya Microsoft, tangu 2023 inakuwezesha kuhifadhi kipande cha sekunde 60 cha kilichosemwa na kukiambatanisha na malalamiko yako, na mwaka huo huo gemu ya vita ya Call of Duty ilianza kutumia programu ya kubaini matusi kwenye maongezi ya sauti. Tumetoka mbali: hadi 2010, kanuni za Xbox zilimzuia mtu hata kuandika kwenye wasifu wake kwamba ni shoga.

Mechi ikiisha, mtumie aliyetukanwa ujumbe wa faragha. Usimuulize kama ni kweli, hilo halikuhusu. "Pole kwa yale. Kesho unaingia?" inatosha kabisa.

Kama una kikosi chako, andika kanuni hii wazi na uitumie kwa kila mtu, hasa kwa mchezaji hodari. Hapo ndipo viongozi wengi hulegea. Sisi tulimtoa mlenga shabaha wetu bora baada ya kuonywa akakaidi, tukafungwa mechi kadhaa, na ningemtoa tena leo.

Na kama unayetukanwa ni wewe, huna deni la kumwelimisha mtu yeyote. Zima maongezi, ripoti, toka, katafute kikosi kinachokuheshimu. Vipo, na vingine vinataja kwenye tangazo lao kwamba mashoga wanakaribishwa. Anza na hivyo.