Maswali ya wasomaji: Laptopu inapochemka

SWALI: Nina laptopu ya mtumba niliyoinunua Luthuli Avenue. Baada ya nusu saa feni huanza kunguruma, upande wa kushoto unaunguza paja, halafu kila kitu kinakwenda polepole. Muuzaji ananiambia ninunue stendi yenye feni. Itasaidia?
Msomaji, Umoja

JIBU: Shikilia pesa zako kwanza. Stendi hupuliza hewa chini ya mashine. Kama njia ya hewa imeziba ndani, hewa hiyo haifiki kunakohitajika. Huko kwenda polepole ni kinga: prosesa (chipu inayofanya kazi zote za mashine) nyingi za laptopu zikikaribia nyuzi 95 hadi 100 hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue.

Pima kabla ya kugusa bisibisi. Pakua HWMonitor, programu ya bure inayoonyesha joto la prosesa, kisha iache mashine dakika 10 bila kazi. Ikisoma nyuzi 40 hadi 50, iko sawa. Ikipita 70, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone ni programu gani inayoila prosesa. Mara nyingi utakuta kivinjari chenye kurasa chungu nzima. Funga hiyo, upime tena. Ikiwa hakuna programu inayofanya kazi na bado joto limepanda, basi joto linazalishwa kidogo ila halipati pa kutokea.

Hapo ndipo vumbi linapoingia. Zima mashine kabisa, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini na utoe plagi ya betri kwenye bodi. Tazama pale feni inapokutana na mapezi membamba ya chuma: vumbi hujibana hapo likawa mkeka mzito wa kijivu. Ukipulizia kutoka nje unausukuma tu urudi kwenye feni. Ung'oe kwa kibano, umalizie kwa brashi laini, na uzuie feni kwa kidole isizungushwe na upepo, maana beringi zake huharibika.

Kama mashine ina miaka kadhaa na haijawahi kufunguliwa, pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa huenda imekauka. Mwache fundi aifute kwa alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, apake mpya kiasi cha punje ya mchele. Kuijaza hakuongezi ubaridi.

Tena ujue Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa, hivyo feni ikizunguka kwa kasi ile ile huondoa joto pungufu kidogo. Ndiyo maana kuiweka laptopu juu ya blanketi, matundu yakazibwa, ni kujitafutia taabu. Meza inatosha.

SWALI: Huwa naacha chaja kutwa. Sasa sehemu ya kuguswa ya kipanya imeinuka. Ni joto?
Msomaji, Kasarani

JIBU: Betri imevimba. Zima laptopu leo, usiichaji, usiibonyeze betri irudi chini wala usiitoboe: inaweza kushika moto. Mpelekee fundi aitoe, na isitupwe kwenye takataka za nyumbani. Joto na kukaa kwenye asilimia 100 muda mrefu huichosha betri, kwa hiyo ukiweka mpya, tafuta kwenye programu ya mtengenezaji mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80.