ECG ya mama imetoka safi, Holter ya nini tena?

Mkuu, usifute hiyo miadi. Unasema mama moyo unamwenda mbio mara moja moja na kizunguzungu juu, ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, imetoka safi, daktari kaandika Holter ya saa 24, yaani kimashine cha kuvaa kinachorekodi umeme wa moyo mchana na usiku, na wewe unataka kuiruka kwa sababu rafiki yako kakwambia "ECHO, ile ultrasaundi ya moyo, ndiyo kubwa yao, ukipiga hiyo umemaliza". Huyo rafiki yako ana pacha wake, namjua. Alikuwa na koti jeupe na stetoskopu shingoni, akamwambia mzee wangu: "Mzee, una moyo wa kijana wa miaka 20."

Tukatoka pale tunacheka, na mimi ndiye nilicheka kuliko wote. Ile karatasi ya ECG nikaipeleka steshenari wailaminishe, tuwaoneshe ndugu. Kumbe karatasi zile zinachapwa kwa joto, kama risiti za dukani. Kupita kwenye mashine ya lamineshini, ikatoka nyeusi tii. Kijana wa steshenari akaniomba radhi kana kwamba kaniunguzia cheti cha ndoa.

Sasa sikiliza. ECG ya kawaida, ile ya kubandikwa vibandiko kifuani, mikononi na miguuni, inarekodi umeme wa moyo kwa sekunde kama 10. Basi. Mzee alipolala pale moyo ulikuwa umetulia, mashine ikaandika umetulia. Mashine haikudanganya. Aliyetuponza ni yule aliyechukua sekunde 10 akatoa hukumu ya mwaka mzima, kwa mtu ambaye moyo unamchachamaa usiku wa manane, wiki hii upo, wiki ijayo haupo. Hakumuuliza hata hili: "Mzee, hivi sasa ninavyokupima, unausikia unakimbia?" Swali la bure, halitaki hata mashine!

Toka hapo mzee akisema moyo unaruka, nyumba nzima tuna jibu: moyo ulishapimwa, ni safi. Basi itakuwa gesi. Itakuwa vidonda vya tumbo. Akanywa dawa za vidonda mpaka duka la dawa wakawa wanamuulizia wajukuu zake. Shangazi naye akaleta wale vijana wa "kupima mwili mzima", unashika kifimbo cha chuma kimeunganishwa na laptopu. Wakakuta ini limechoka, figo zimechoka, mifupa imechoka, na kwa bahati nzuri dawa lishe za vyote hivyo walikuwa nazo kwenye begi. Moyo? Eti uko vizuri. Hao Mungu anawaona.

Asubuhi moja kikombe cha chai kikamponyoka mzee. Tukadhani usingizi. Akataka kusema kitu, mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Na usidhani ECG ilijirekebisha: wodini wakampima, ikatoka safi tena! Usiku ndipo monita ya kando ya kitanda ikamnasa, mapigo yanakwenda shaghalabaghala. Wenyewe wanaita AF, kirefu chake "atrial fibrillation". Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama, inaganda, bonge likichomoka linapanda kwenye ubongo. Zipo dawa za kuzuia damu isigande, ukianzishiwa mapema hatari ya kiharusi inapungua sana. Daktari wa wodini alinieleza haya taratibu, bila kunilaumu, na bora angenifokea. Mzee yupo, anatembea, anagombana na taarifa ya habari, ila kikombe anashikia mkono wa kushoto.

Ndiyo maana nakupigia kelele: moyo wa kuja na kupotea unapimwa ukiwa kwenye fujo zake. ECG na Holter ni fundi umeme. ECHO ni fundi mwashi, anatazama kuta na milango na kama pampu inasukuma; taa zinazozimika usiku hazioni. Simaanishi ECHO haina kazi. Valvu iliyoharibika utaiona huko, na kwetu huku watu wengi valvu zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Mama akiandikiwa zote mbili, afanye zote mbili.

Akivalishwa Holter usimlaze kitandani kama mzazi mwenye kichanga. Aende sokoni, apike, apande ngazi, agombane na jirani kama ndiyo kawaida yake. Asioge tu mpaka waivue, labda wao waseme vingine. Moyo ukianza, abonyeze kitufe na muandike saa na alichokuwa anafanya. Na kama fujo zenyewe zinakuja mara moja kwa mwezi, saa 24 zinaweza kupita kimya kabisa, hapo usikubali kuambiwa "safi" ukanyamaza kama mimi. Uliza kama kuna kifaa cha kuvaa muda mrefu zaidi. Ukimkuta moyo unamkimbia, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa dole gumba, usikilize kama mapigo yanapishana ovyo, kisha mkimbize kituo cha karibu chenye ECG, hata kama ni kidogo. Usivuke mji mzima kutafuta hospitali kubwa. Utafika moyo ushatulia. Akizimia au kifua kikimbana, hapo hakuna cha Holter wala cha mimi, ni emajensi.

Uliuliza na bei, na angiogramu, kile kipimo cha mishipa ya moyo, kama inauma. Hayo watakuja wengine kukujibu. Wewe kesho asubuhi piga simu uulize foleni ya Holter ikoje, maana mashine zenyewe huwa chache na aliyeondoka nayo leo anairudisha kesho. Andikisha jina la mama kwanza, ndiyo urudi hapa kunibishia.