Jibu: Kwa nini treina inakumaliza dakika ya 20 wakati Kipushi unakwenda na kurudi

Ndugu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema Jumapili unatoka hapa Lubumbashi unapiga hadi mji wa Kipushi na kurudi, kilomita kama 60, na ukifika nyumbani bado una nguvu ya kubeba ndoo ya maji. Jumanne unapanda baiskeli hiyohiyo, imefungwa sebuleni kwenye treina, kile kifaa cha kukanyagia baiskeli bila kwenda popote, na dakika ya 20 umekwisha. Wati ulizozizoea (nguvu unayoitia kwenye pedeli) zimekataa, moyo unagonga hadi kooni, na unauliza kama ni uvivu au kifaa ni kibovu. Mwenzetu mmoja hapo juu amekuambia ni suala la akili tu, ujikaze. Mimi naomba kumpinga, maana nilijikaza miezi minne na sikupata chochote isipokuwa kuichukia baiskeli.

Nilianza treina kwa sababu ya lori. Wenye kupita njia ya Kasumbalesa, ya kwenda mpaka wa Zambia, wanajua: msururu wa malori ya shaba, vumbi, na dereva ambaye hajalala. Siku moja kioo cha lori kilinipita karibu na sikio hadi nikajikuta kwenye majani. Sikuumia, lakini niliporudi nyumbani na kusimulia (kosa langu), mama watoto akasema siku za kazi hakuna tena kutoka alfajiri na kinga (baiskeli). Basi nikanunua treina ya sumaku kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama, nikaiweka saluni, yaani sebuleni, mlango nimefunga ili watoto wasiingize vidole kwenye cheni. Madirisha pia nimefunga, kwa ajili ya mbu.

Unaona tayari kosa liko wapi. Mimi sikuliona.

Aliyeliona ni kijana anayetuletea makala (mkaa). Yule bwana ni chuma: anatoka mbali nje ya mji kabla jua halijachomoza, magunia yamepangwa juu ya kinga hadi yanampita kichwa, na sehemu kubwa ya njia anasukuma kwa miguu. Asubuhi moja akanikuta juu ya treina, akasimama mlangoni akicheka. "Yaya, unakimbiza kinga na hauendi fasi?" Nikamwambia panda basi ujaribu. Akapanda na ndala zake. Nikaweka uzito wa kati, akaanza kwa fujo kama anafukuza mwizi. Dakika ya tano akavua shati. Dakika ya tisa jasho linamwagika kwenye mkeka kama bomba limepasuka. Dakika ya kumi na mbili akashuka, akashika ukuta, akageuka kuangalia madirisha. "Eh! Mupepo iko wapi mu hii nyumba?"

Mtu anayesukuma magunia ya makala kutwa nzima huwezi kumwambia ajikaze.

Hesabu yake ni hii. Misuli ya binadamu inageuza sehemu ndogo tu ya nguvu inayoichoma kuwa kazi ya pedeli, kama asilimia 20 hadi 25. Iliyobaki yote ni joto. Ukishikilia wati 200 kwenye pedeli, mwili wako unatoa joto la wati 600 hadi 800, nusu ya pasi ya umeme na zaidi, na umelifungia chumbani pamoja nawe. Barabarani ukienda kilomita 30 kwa saa unajitengenezea upepo wa kilomita 30 kwa saa, bure, na huufikirii hata kidogo. Ndani upepo ni sifuri. Jasho linapoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Likidondoka chini halijakusaidia lolote, umepoteza maji tu. Ndipo mwili unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili upoe, misuli inapungukiwa, na moyo unapanda dakika kwa dakika hata kama wati ni zilezile. Ukiangalia saa yako utaona: dakika ya 10 mapigo 142, dakika ya 30 mapigo 161, na hujaongeza kitu. Ni joto. Moyo wa ushujaa hauhusiki hapo.

Kwa hiyo kabla ya kununua programu, viatu, sijui nini, nunua feni. Kubwa, ile ya kusimama chini ya viwandani kama mfuko unaruhusu. Ndogo ya mezani inapuliza pua tu. Mimi ninazo mbili: kubwa iko mbele kidogo upande wa kushoto, inapiga kifua na tumbo, ya pili iko nyuma inapiga mgongo. Na unaiwasha mwanzoni, usisubiri kuloa. Halafu nilitoa treina saluni nikaipeleka barza, yaani kibarazani. Hapo kuna hewa, na mvua ya Januari ikimwagika ni raha tupu. Ubaya wake ni vumbi la mwezi wa tisa, na watoto wa lupangu (ua) nzima kuja kukaa kwenye ngazi kukutazama kama sinema. Utazoea. Mmoja wao sasa ndiye mtunza saa wangu, na hana huruma.

Najua utakachouliza: na delestaji? Umeme ukikatika katikati ya kipindi, feni inakufa. Kwenye treina ya sumaku unaweza kuendelea kukanyaga kwa sababu haihitaji umeme, na mimi mara mbili tatu niliendelea kwa kiburi nikaishia kizunguzungu, nimekaa kwenye kizingiti kichwa katikati ya magoti. Sheria yangu sasa: feni ikizima, nashusha hadi mwendo wa matembezi, najimwagia maji shingoni, nasubiri dakika tano. Isiporudi, mazoezi yameisha, naenda kuoga. Oktoba, mwezi wa joto kuliko yote hapa kwetu, vipindi vizito nafanya saa kumi na moja alfajiri. Juni na Julai asubuhi ni baridi ya kuvalia koti, na hapo ndipo utashangaa wati zinarudi zenyewe.

Sababu ya pili haizungumzwi sana. Barabarani unapumzika bila kujua. Kuna mteremko, kuna matuta, kuna mbuzi, kuna askari anayetaka kujua unaenda wapi na baiskeli nzuri hivyo. Nilichukua rekodi yangu ya Kipushi nikahesabu: kati ya saa mbili na dakika kumi, dakika 17 pedeli hazikuzunguka kabisa. Kwenye treina ukiacha kukanyaga gurudumu linasimama. Dakika 45 za ndani ni dakika 45 kamili. Usizipime kwa saa mbili za nje ukajiona mnyonge.

Pamoja na hayo kuna kiti. Nje baiskeli inayumba chini yako kulia kushoto, ndani imeshikwa kama mbuzi kwenye kamba, uzito wote unakaa sehemu moja. Kila dakika 10 simama juu ya pedeli nusu dakika, hata kama hujisikii. Ukisubiri ganzi ifike umechelewa.

Sasa namba. Unasema unatumia FTP ya barabarani, ile nguvu unayoweza kuishikilia kwa karibu saa moja, kupangia mazoezi ya ndani. Acha. Yangu ya nje ilikuwa wati 231, ya ndani madirisha yamefungwa 208, na baada ya feni na barza ikapanda 219. Mtu mmoja, miguu ileile, mwezi mmoja. Pima upya hukohuko ndani: pasha mwili dakika 15, kanyaga dakika 20 kwa nguvu zote unazoweza kuzigawa sawasawa, chukua wastani, zidisha kwa 0.95. Mimi nilipata wastani wa 230, ndiyo hiyo 219. Tena kama treina yako ni ya kugusana na tairi, jaza upepo uleule kila mara na uisawazishe (urekebishe kipimo chake) baada ya kupasha moto dakika 10, maana tairi baridi na tairi moto hazitoi namba moja. Nusu ya magomvi ya "treina yangu inadanganya" ni tairi lenye upepo mdogo. Na usitumie tairi lako zuri! Langu lilisagika katikati likawa bapa ndani ya miezi miwili, barza ikanuka mpira.

Umetaja pia kwamba treina "inakuwa nzito ghafla hadi miguu inagoma". Hiyo ni ERG, pale treina yenyewe inashikilia wati ulizoagiza. Ukichoka mzunguko wa pedeli unapungua, na yenyewe, ili wati zisishuke, inaongeza uzito. Uzito ukiongezeka mzunguko unapungua zaidi, inaongeza tena, mwisho unasimama kabisa kama gari kwenye tope. Ukiingia humo huwezi kutoka kwa nguvu. Dawa: sekunde tano kabla ya kipindi kizito ongeza mzunguko hadi 95 au 100 kwa dakika, na ukiona unashuka chini ya 80 punguza wati kwa asilimia tano kwa kidole kabla haijakukaba. Kwa vipindi vifupi vya dakika moja izime kabisa ERG, ubadili gia mwenyewe.

Kuhusu uchoshi, hapo ndipo nakubaliana kidogo na yule aliyesema akili. Kutazama ukuta saa nzima ni adhabu. Wazungu wana programu zao za kukimbizana kwenye skrini, nzuri, lakini zinataka intaneti isiyokatika, na mimi megabaiti zangu nina kazi nazo. Mimi natumia rumba. Utacheka, ila sikiliza: wimbo wetu mrefu umejengwa kama mazoezi. Mwanzoni mwimbaji analalamika kuhusu mapenzi, taratibu, na wewe unakanyaga taratibu. Halafu gitaa linabadilika, sebene (sehemu ya kasi ya kucheza) inaingia, atalaku, yule mchochezi wa bendi, anaanza kupiga kelele, na wewe unapanda hadi asilimia 105 au 110 ya FTP mpaka sebene iishe. Dakika tatu, nne, wakati mwingine sita, huchagui wewe. Nyimbo tano ni mazoezi kamili. Watoto kwenye ngazi wanacheza, mtunza saa naye anasahau saa. Sijawahi kutoka kwenye sebene kabla haijaisha. Kutoka kwenye kipindi kilichoandikwa kwenye karatasi nimetoka mara nyingi sana.

Kwa mwendo mrefu mwepesi natazama mashindano. Ile ya wanaume ya dunia ya Kigali, 28 Septemba 2025, mara ya kwanza mashindano hayo kuja Afrika, nimeigawa vipande vipande hadi naijua kwa moyo. Kilomita 267.5, na ni 30 tu waliofika mwisho. Ukimwona mtu wa timu kubwa anashuka kwenye baiskeli akiwa amekwisha, dakika zako 45 zinakuwa na wenzao.

Maji: usiingie na chupa moja. Ndani napoteza karibu lita moja kwa saa; nilijipima kwenye mizani kabla na baada. Kama huna unga wa dukani, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, umemaliza. Na usifanye vipindi vizito na tumbo tupu eti unachoma mafuta. Bukari (ugali) ya jana usiku haitoshi. Kula ndizi au mkate saa moja kabla.

Jambo moja nilipitia mwaka jana. Wiki nzima wati zilishuka, nikalaumu treina, nikasawazisha mara tatu, nikabadilisha hadi betri za kipimo. Mapigo ya moyo nikiwa kitandani asubuhi yalikuwa yamepanda 12 juu ya kawaida na sikuyaangalia. Siku ya tano homa ikafunguka. Malaria. Kwa hiyo pima mapigo kabla hujainuka kitandani, na yakiwa juu sana siku mbili mfululizo, acha treina, nenda kapime damu. Na ukipata maumivu ya kifua usije kuuliza hapa, nenda kwa daktari.

Kwa wiki hii: feni, madirisha wazi, wati zote punguza asilimia 10, vipindi vitatu vya dakika nane tu, katikati dakika nne za kupumua. Halafu andika hapa mapigo yako ya dakika ya 10 na ya 30 tuone pengo limepungua kiasi gani.

Na tandika taulo juu ya usukani. Jasho ni chumvi. Langu liliingia kwenye bolti polepole miezi sita, na fundi wa kule mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, alipojaribu kuifungua ikakatikia ndani. Alinionyesha kipande kiganjani mwake, chekundu kama udongo wa mtaa wa Katuba. Za kwako zifungue mwisho wa mwezi huu, uzipake grisi.