Je, Windows 95 ilikuwa DOS iliyopambwa tu?

Umeuliza kama Windows 95 ilikuwa DOS (mfumo wa zamani wa Microsoft wa kuendesha kompyuta kwa kuandika amri) iliyopambwa tu. Hapana, ingawa naelewa kwa nini wengi husema hivyo. Windows 3.1 ya mwaka 1992 kweli ilikaa juu ya DOS: unawasha kompyuta, unaandika win, ndipo madirisha yanafunguka. Programu moja ikigoma kuachia zamu ya kutumia prosesa, zote zinaganda. Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995, nayo iliamka kwa DOS (toleo la 7 lilikuwa ndani yake), lakini ikishawaka, kiini chake (sehemu kuu ya mfumo) cha biti 32 kilishika usukani na kuzigawia zamu programu mpya. DOS ilibaki hasa kwa ajili ya michezo na draiva (programu za kuendesha vifaa) za zamani.

Kwa nini watu wa nyumbani hawakupewa Windows NT, Windows nyingine ya Microsoft iliyokuwepo tangu 1993 bila kutegemea DOS kabisa? Kumbukumbu (RAM) ilikuwa ghali mno! NT ya kwanza ilidai megabaiti 12. Windows 95 iliweza kuanza na 4, japo kwa 4 ilikuwa mateso. Ukoo wa NT uliingia majumbani kwa wingi na Windows XP, mwaka 2001.