Chumba cha mapumziko kazini: kinachopunguza uchovu wa akili na kinachouongeza

Keshia wa benki pale Posta, Dar es Salaam, dada anayepokea simu za wateja mfululizo, fundi cherehani kwenye kiwanda cha Barabara ya Nyerere: hakuna anayebeba mzigo kati yao, ila jioni wanapanda mwendokasi wakiwa hoi. Kilichochoka ni umakini. Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza mwaka 1989 kwamba umakini wa kujilazimisha huisha nguvu, na hurudi pale akili inapokutana na kitu kinachovutia bila kudai jibu, kama majani yanayotikiswa na upepo. Kwa hiyo chumba chenye TV ya taarifa ya habari hakimpumzishi mtu. Kimembadilishia kazi tu.

Kabla ya kununua kiti hata kimoja, jiulize: mtu akiwa humo, nani bado anaweza kumwita? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inampa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mwajiri halazimiki kuyalipia, isipokuwa akimtaka mfanyakazi aendelee na kazi au akae tayari kuitwa. Msimamizi anayechungulia mlangoni na "swali dogo" ameshayavunja mapumziko hayo. Awekwe mtu wa kupokea maswali wakati huo, na jina lake liandikwe kwenye ratiba ya zamu. Juu ya saa hiyo, tunashauri dakika 5 hadi 10 kila baada ya saa moja na nusu au mbili, bila kuzikata kwenye muda wa chakula.

Dakika hizo chache zinaamua mahali pa chumba. Kikiwa ghorofa ya tatu na watu wako ya chini, zitaishia kwenye ngazi. Kiwe karibu na kazi lakini mbali na jenereta, choo na jiko.

Kwa Dar, upepo ni muhimu kuliko kiyoyozi, maana umeme ukikatika chumba kilichofungwa kinageuka tanuri. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kati ya Desemba na Machi, kusi kutoka kusini mashariki katikati ya mwaka. Weka madirisha upande wa mashariki, na mengine mkabala ili hewa ipate pa kutokea. Chini ya mabati weka dari, na uache matundu ya hewa kati yake na bati. Kontena lisilo na kivuli lisitumike kabisa. Kama uwanja una mwarobaini, mabenchi chini yake yatashinda chumba cha ndani (chini ya mnazi hapana, nazi huanguka).

Yaelekeze mabenchi kwenye miti, siyo kwenye maegesho. Mwaka 1984 Roger Ulrich alionyesha kwamba wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, ambao dirisha lao lilitazama miti, waliruhusiwa mapema na kuhitaji dawa kali za maumivu chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Kwa watu 40 wanaoingia kumi kumi, mita 4 kwa 5 zinatosha. Viti viwe na migongo, vipangwe kandokando. Meza kubwa katikati huita kikao. Tenga pande mbili, kwa sababu aliyeongea na wateja kutwa anahitaji kimya, na aliyekaa peke yake na kompyuta anahitaji soga. Kahawa na kashata zikae upande wa soga. Upande wa kimya weka mikeka kwa wanaotaka kusinzia dakika 10 hadi 20. Zikipita 30, mtu huamka mzito kuliko alivyolala. Sehemu ya kuchajia simu iwe mlangoni, mbali na viti.

Mimea ya vyungu ni mizuri, ila maji yanayotuama kwenye sahani zake yamwagwe angalau mara mbili kwa wiki. Dar ilipata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu wake huuma mchana.

Kinachoharibu vyumba hivi mara nyingi si ubovu wa samani. Ni maboksi ya stoo yaliyowekwa "kwa muda", kamera ukutani, ubao wa malengo ya mauzo, na ufunguo unaokaa kwa bosi. Viondoe vyote.

Tena, chumba peke yake hakitoshi: Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza uchovu mkubwa wa kazini kuwa matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa vizuri. Kama zamu ya watu sita inafanywa na wanne, ajiri kwanza. Baada ya mwezi pita saa nane mchana: ukikuta chumba kitupu, waulize wafanyakazi kwa karatasi zisizo na majina wanaogopa nini.