Hela inaenda wapi? Maswali ya wanachuo

SWALI: Shikamoo kaka. Niko mwaka wa pili hapa Dodoma, nauza raba za mtumba hosteli. Mzigo uliopita nilichukua Sabasaba pea 20 kwa elfu 8 kila pea, zote zimetoka kwa elfu 13, yani faida laki nzima. Bajaji elfu 12, sabuni na gundi elfu 10, bando la kupost status elfu 10, makato ya simu elfu 3. Wateja wanne bado hawajanilipa. Sasa nataka kurudi sokoni naangalia simu, hela ya mzigo haifiki, na mimi sina starehe yoyote. Inaenda wapi?
Muuza raba

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo laki hujawahi kuishika. Umeuza 260,000, toa 160,000 ya mzigo ndo unapata laki, ila bajaji, gundi, bando na makato ni 35,000 na hukuzitoa, kwa hiyo faida yako ni 65,000, ambayo kwa mwanachuo wala sio mbaya. Shida ni kwamba wale wanne wamekaa na 52,000 yako, yani juu ya mtaji umebaki na 13,000 tu mkononi. Alafu unasema huna starehe, sawa, ila vocha, chai ya asubuhi, chipsi mayai siku bumu (hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo) limechelewa, si vyote unalipia kwenye simu hiyohiyo? Ukishavuka ile 13,000 unakula hela ya mzigo unaofuata na wala hushtuki maana salio bado linaonekana lipo.

Mi ningekwambia usajili laini nyingine ya biashara tu, ya bumu ibaki yake, na kila mzigo ukiisha ujihamishie kiasi ulichopanga, hata elfu 10, basi. Daftari lazima, tena andika siku hiyohiyo, sio Jumapili unaanza kukumbuka nani alichukua namba 42. Na madeni, hapa najua utanichukia, rumeti asikope. Akitaka raba atoe nusu, nyingine unamfichia mpaka amalizie. Kupandisha bei iwe elfu 14 kunakuongezea 20,000 kwa pea 20 kama wateja hawatakimbia, ila kukusanya ile 52,000 ni haraka zaidi, anza na hiyo leo.

SWALI: Nimekopa 50,000 kwenye programu ya simu, ikaingia 42,000, natakiwa nirudishe 55,000 ndani ya siku 14. Ni riba ya kawaida?
Morogoro

JIBU: Hapana ndugu. Umetumia 42,000 unalipa 13,000 juu yake, hiyo ni kama asilimia 31 kwa wiki mbili! Ukiwa mtu wa kulipa na kukopa tena kila wiki mbili mwaka mzima, mara 26, utakuwa umetoa 338,000 kwa ajili ya kuzungusha elfu 42 ileile. Usiangalie wanachokiita riba, angalia kilichoingia na kinachotoka. Pia cheki kama wana leseni, maana mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila kibali, na nyingi za aina hiyo zinaomba ruhusa ya kusoma namba za watu kwenye simu yako ili ukichelewa wamtumie meseji mpaka mjomba wako.

SWALI: Mkopo wa HESLB, yani Bodi ya Mikopo ya wanachuo, nao una riba? Nikiajiriwa watakata sh ngapi?
Mwaka wa tatu, Dar

JIBU: Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa inavimbisha madeni ya watu, ilifutwa 2021. Ukiajiriwa mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe, kwa hiyo kwenye mshahara wa 600,000 inaondoka 90,000, na hapo mfuko wa hifadhi ya jamii na TRA nao hawajachukua chao.